Mbelgiji, pikipiki na mkokoteni wa Stanley

Nilikuwa Tabora karibu mwezi mzima. Mhariri alinituma nikafuatilie msimu wa tumbaku, na kwa kuwa ukoo wa mama uko Isevya, gharama ya malazi haikumhusu, jambo lililomfurahisha kuliko stori zote nilizomletea. Ya tumbaku mmeyasoma gazetini. Leo nataka niwape ya pikipiki.

Kwenye treni ya kwenda nilikaa na Mbelgiji mmoja, kijana wa rika langu, anayefanya kazi kwenye mradi wa visima. Simtaji jina, na mbele mtaona kwa nini. Alikuwa na mwaka mmoja Tabora na Kiswahili chake si cha kubabaisha. Akaniambia kwamba jina la Tabora alilijua tangu utotoni, maana katikati ya Brussels, jirani na jengo la zamani la soko la hisa, kuna mtaa unaitwa hivyo. Alidhani ni mlima wa kwenye Biblia. Kumbe ni mji wetu! Wabelgiji waliuteka kutoka kwa Wajerumani tarehe 19 Septemba 1916, na jenerali wao Charles Tombeur baadaye akapewa ubaroni akawa "Tombeur de Tabora". Sisi tuliofundishwa historia ya mji huo darasani hatukuwahi kuambiwa kwamba kuna mzungu aliyeubeba kwenye jina lake hadi kaburini.

Basi, shida ya huyu bwana ilikuwa usafiri. Visima viko vijijini, gari la mradi ni moja na bosi ndiye anayelishika. Alitaka pikipiki ndogo, cc 125, na alitaka mpya. Ya mtumba aliogopa, na alikuwa na haki ya kuogopa. Mimi mwenyewe namjua mtu aliyenunua pikipiki ikiwa na kadi yenye jina la marehemu, injini ya pikipiki nyingine na deni la mkataba juu yake. Mwenyeji anaweza kulimaliza jambo kama hilo kwa kukaa na wazee. Mgeni atakaa na wazee gani?

Lakini mpya nayo ilikuwa na mtihani wake. Alikwenda madukani peke yake akatajiwa bei mbili kwa pikipiki moja, na zote mbili zilikuwa za mzungu. Akaniomba nimsindikize. Nikamchukua na mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, ambaye anaendesha bodaboda pale stendi na anajua injini kama mimi ninavyojua vichwa vya habari.

Ilituchukua siku nne. Duka tulilokubaliana nalo lilitaka nakala ya pasipoti, kibali cha ukaazi na TIN. TIN hakuwa nayo, tukaenda kuifuatilia. Fomu ilitaka majina matatu, yeye kwa kawaida anatumia mawili, tukalichimbua la ubatizo. Baada ya hapo zikafuata kadi, bima na kofia ngumu. Dogo muda wote huo alikuwa amechuchumaa. Alilinganisha namba ya chasisi na ile ya kwenye karatasi, akakaza nati ambazo fundi wa dukani alizifunga kwa haraka, akavuta cheni, akasikiliza injini ikiwa baridi na ikiwa moto, akakataa ya kwanza, akakataa ya pili, akaikubali ya tatu. Kisha akamfundisha mwenye nayo asiikimbize kilomita za mwanzo. Ya bei nilishughulika mimi. Nitarudi hapo kwenye bei.

Usiku wa siku ya pili, nikiwa nimelala kwa bibi Isevya bila umeme, niliwaza kwamba hii kazi tunayofanya ni ya zamani sana katika mji huu. Tabora ni mji uliokua kwa kuwauzia wageni miguu.

Fikirini. Richard Burton na John Speke walifika hapa, mahali walipopaita Kazeh, tarehe 7 Novemba 1857, wakiwa wametoka pwani mwishoni mwa Juni. Punda walionunua walikuwa wakifa njiani mmoja baada ya mwingine. Wapagazi wao walipofika Unyamwezi walikuwa wamefika kwao, wakatua mizigo wakaenda kwa wake zao. Wazungu wawili, mizigo mingi, hakuna wa kuibeba. Aliyewaokoa ni mfanyabiashara Mwarabu, Snay bin Amir, aliyewapa nyumba, habari za njia na watu. Bila huyo mtu wa katikati, safari ya kwenda Ziwa Tanganyika ingeishia kwenye baraza la Kazeh.

Mwaka 1871 akaja Henry Stanley, mwandishi wa habari kama mimi, ila yeye gazeti lake la New York Herald lilimlipia gharama. (Mhariri kama unasoma, ni utani tu.) Stanley mwenyewe aliandika jinsi alivyofika Unguja bila kujua anatakiwa kununua nini. Kitambaa kiasi gani? Ushanga wa rangi gani, maana kabila hili linataka mwekundu, lile linataka mweupe, na ukikosea unabaki na gunia la takataka. Marekani ile tunayoiita marekani hadi leo ilitoka kwenye viwanda vya pamba vya Massachusetts, ikazunguka dunia kwa jahazi na meli hadi ikawa ndiyo noti ya njia ya Tabora. Ukiwa na doti za marekani, unakula. Huna, unakufa njaa katikati ya mahindi ya watu.

Alitafuta watu wa kumuelekeza. Pale Bagamoyo alimkabidhi kijana mmoja wa Kihindi, Soor Hadji Palloo, kazi ya kumtafutia wapagazi. Kijana akamtafutia kweli, lakini bili yake ilikuwa imevimba na wakagombana kweli kweli. Stanley amemchora kwenye kitabu chake kama tapeli wa kutisha. Nilipokuwa chuo nilimcheka sana huyo kijana wa Kihindi. Siku hizi simcheki.

Ila kinachonivutia zaidi kwa Stanley ni mkokoteni. Alipokuwa Unguja alijipatia mkokoteni mpya, mwembamba, wa upana wa inchi 18 na urefu wa futi 5, uliotengenezwa maalumu kwa ajili ya njia nyembamba za bara. Hesabu yake ilikuwa nzuri kwenye karatasi. Punda anabeba mgongoni frasila nne, basi akivuta atachukua nane, na huo ni mzigo wa watu wanne. Kilichotokea ni kwamba siku moja njiani alimuona mpagazi wake mmoja mwenye nguvu anakuja na mkokoteni wote kichwani, magurudumu, mihimili na kila kitu. Jamaa alikuwa amegundua kuwa ni rahisi kuubeba kuliko kuuvuta. Stanley akauacha kwenye matete ukaozee huko. Farasi wake wawili walikuwa wameshakufa tangu siku za mwanzo baada ya kutoka Bagamoyo.

Na si yeye peke yake aliyeshindwa. Mwaka 1876 mmisionari Roger Price alitoka Saadani na maksai akafika Mpwapwa, wakubwa wake London wakashangilia kwamba sasa magari ya ng'ombe yatakwenda hadi Tanganyika. Mwaka uliofuata maksai wa msafara wao wakafa, mbung'o hawana habari na shangwe za London. Mwaka 1879 Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji akaleta tembo. Ndiyo, tembo wanne wa Kihindi, walishushwa Msasani, pale pale tunapokula samaki wa kukaanga siku hizi, ili watembee hadi Karema ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Aliyefika ni mmoja tu, na hakuishi muda mrefu. Kiongozi wa msafara ule, Carter, aliuawa mwaka uliofuata akiwa njiani kurudi. Nilipomsimulia Mbelgiji wangu habari hii alishika kichwa. "Hatukufundishwa," akasema. Nikamwambia na sisi hatukufundishwa.

Kuna na mama mmoja, Annie Hore, mke wa mmisionari, aliyefika Ujiji mwaka 1885 ndani ya kiti cha wagonjwa cha Kiingereza, kisha akaandika kitabu chenye jina la kiti hicho. Na hicho kiti walikibeba watu.

Mnaona mkondo wa mambo? Kila mgeni alikuja na chombo chake kipya, na kila chombo kiliishia kichwani au mabegani mwa Mnyamwezi. Sababu haikuwa ushenzi wa njia kama walivyoandika. Njia ilikuwa na upana wa nyayo, kwa sababu ilitengenezwa na nyayo. Wanyamwezi walikuwa wakienda pwani na kurudi kabla ya mzungu yeyote kufikiria mkokoteni, na kwa kijana wa huku kwenda pwani ndiko kulikomfanya aitwe mwanamume. Walikuwa wafanyakazi wenye ujuzi, wenye kujadili ujira, wenye kugoma wakipunjwa posho. Kuna mwanahistoria anaitwa Stephen Rockel ameandika kitabu kizima kuhusu jambo hilo mwaka 2006, Carriers of Culture, kitafuteni. Mzigo wa kawaida ulikuwa frasila mbili, kama kilo thelathini na ushee, kwa miezi mitatu ya mguu.

Lugha yetu yenyewe imejaa vumbi la njia ile. Posho tunaisema kila siku, wabunge wanaijua vizuri zaidi. Hongo wakati ule ilikuwa ushuru halali ambao msafara ulimlipa mtemi ili upite kwenye nchi yake, unajadiliwa hadharani, unalipwa hadharani. Sijui ni lini hasa ilihamia chini ya meza, lakini ilihama na jina lake.

Reli ya Wajerumani ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na wengi waliona upagazi umekwisha. Miaka miwili baadaye wale Wabelgiji wa Tombeur wakaja kutoka Kongo na jeshi ambalo kila askari wake alikula chakula kilicholetwa na kichwa cha mtu. Wapagazi wa Kongo walikuwa wengi kuliko askari mara nyingi, na wengi hawakurudi kwao. Mtaa wa Brussels haukupewa jina lao.

Sasa ndipo inapoingia pikipiki. Nilikuwa nikitafuta ni chombo gani cha kigeni kilichoishinda hatimaye njia ya miguu, na jibu lilikuwa limeegeshwa nje kwa bibi. Gari linahitaji barabara. Treni inahitaji reli. Pikipiki, kama baiskeli iliyoitangulia, inahitaji upana wa nyayo tu. Jina la bodaboda lilizaliwa Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, kwa vijana wa baiskeli waliokuwa wakivusha watu kutoka mpaka hadi mpaka. Kwetu zilianza kubeba abiria kienyeji, polisi wakikimbizana nazo, hadi kanuni za mwaka 2010 zilipozitambua. Leo nenda kijiji chochote cha Tabora uone kinachobebwa. Mgonjwa, mkaa, madumu ya asali, kitanda, jeneza. Ule mzigo wa wapagazi haujaenda popote, umepanda tu kwenye siti ya nyuma.

Na anayeubeba mara nyingi si mwenye pikipiki. Dogo wangu yuko kwenye mkataba. Kila wiki anapeleka hesabu kwa tajiri, na akimaliza mwaka na miezi bila kuugua, bila ajali na bila kushikwa, pikipiki inakuwa yake, ikiwa imeshachoka. Mbelgiji alilipa siku moja. Dogo alimkagulia pikipiki mpya wakati yake inavuja mafuta.

Jumapili kabla sijaondoka tulikwenda Kwihara, Mbelgiji kwenye pikipiki yake mpya, mimi nyuma ya dogo. Si mbali na mjini. Pale kuna tembe alilokaa Stanley, na ambalo yeye na Livingstone walirudi pamoja kutoka Ujiji Februari 1872. Limejengwa upya, lina mlango wa kuchongwa, na sasa ni makumbusho ambayo siku ile yalikuwa na wageni watatu, yaani sisi. Stanley aliondoka hapo tarehe 14 Machi. Livingstone akabaki akisubiri hadi tarehe 25 Agosti. Miezi mitano na zaidi! Hakuwa anasubiri pesa wala dawa, vitu hivyo Stanley alimwachia. Alikuwa anasubiri watu wa kubeba, ambao Stanley aliwatafuta Unguja na kuwatuma. Mzee maarufu kuliko wote, na hana miguu. Akaondoka nao kwenda kusini, akafa Mei 1873, na Oktoba ya mwaka huo huo akapita tena Unyanyembe akiwa maiti iliyokaushwa na kufungwa kama mzigo, Susi, Chuma na wenzao wakimpeleka pwani. Walifika Bagamoyo Februari 1874.

Tulikaa kwenye kivuli cha mwembe pale nje. Dogo alikuwa pembeni anaifuta pikipiki ya mgeni vumbi, bila kuombwa. Nikaona hapa ndipo mahali pa kusema.

Pale dukani, siku ya tatu, wakati Mbelgiji amekwenda benki, mwenye duka aliniita nyuma. Akanitajia bei ya kweli, akanitajia na bei atakayomwambia mzungu, na tofauti ilikuwa laki na nusu. "Hiyo ni yako, kijana, umefanya kazi." Ndiyo cha juu chenyewe. Nilijiambia si wizi, kwa sababu hata ikiwa na laki na nusu yangu bado ilikuwa nafuu kuliko bei alizotajiwa mwanzo. Nilijiambia gazeti linanilipa kwa stori na kwa mwezi ule sikuwa nimefikisha kodi. Nilijiambia mengi. Nikaichukua. Na yeye aliporudi kutoka benki alinishukuru kwa kumpigania bei, akanishika mkono kwa mikono miwili kama alivyofundishwa huku.

Basi nikamwambia yote, kwa Kiswahili, polepole, ili nisijifiche kwenye Kiingereza. Nikamwambia na habari za Soor Hadji Palloo, labda nikitafuta mwenzangu wa kukaa naye kizimbani.

Alinyamaza. Nilitegemea akasirike, au afanye ile tabasamu ya wazungu ya kusamehe ambayo ni mbaya kuliko hasira. Hakufanya lolote kati ya hayo. Akamtazama dogo aliyekuwa ameinama kwenye cheni na kitambaa chake, akauliza:

"Na yeye mlimpa ngapi?"

Nilimpa soda. Siku nne za kuchuchumaa, pikipiki mbili alizozikataa, siku nne ambazo hesabu ya tajiri ilikuwa inamsubiri, nami nilimnunulia soda moja ya baridi na chapati mbili. Mbelgiji naye hakumpa kitu, alidhani nimeshamaliza nami nilidhani ni furaha yake kama ndugu yangu. Katika simulizi lote hili la Stanley na madalali na bili, sikuwa nimemuwaza kabisa mtu mwenye mkokoteni kichwani.

Jioni ile nilimfuata dogo kijiweni nikampa laki moja. Hamsini nilikuwa nimeshaitumia. Wenzake walikuwepo, akaihesabu mbele yao bila aibu, akaikunja akaitia mfuko wa ndani wa koti.

"Kaka, mimi nilijua tangu siku ile," akasema. "Yule bosi alikuita nyuma ya duka. Nyuma ya duka kuna nini zaidi ya choo?"

Wakacheka kijiwe kizima. Kisha abiria akaja, mama mwenye ndoo mbili za asali anakwenda Kipalapala, wakaanza kuvutana bei, na dogo akawasha.